Takwimu za Mtaani na Uboreshaji wa Makazi: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Katika Jiografia umesoma makazi, na umesoma pia utafiti na takwimu. Katika Uraia umesoma serikali za mitaa. Wanafunzi wengi huzikariri mada hizi kila moja katika daftari lake. Likija swali linalozitaka zote kwa pamoja, kwa mfano "Eleza jinsi wakazi wanavyoweza kutumia takwimu kuboresha makazi yao", mtahiniwa huandika maana ya utafiti, kisha maana ya makazi, kisha anaishiwa. Somo hili limeandikwa ili usiishiwe. Hata kama karatasi yako ya Jiografia itakuja kwa Kiingereza, lielewe jambo kwanza kwa lugha unayoifikiria. Maneno ya mtihani yatafuata.

Tutatumia wilaya mbili jirani za Mkoa wa Arusha, Karatu na Ngorongoro. Zinafaa kwa sababu ndani ya mwendo wa siku moja utakuta karibu kila aina ya makazi unayotakiwa kuijua: mji mdogo unaokua kando ya barabara ya watalii iendayo lango la Lodoare, vijiji vya wakulima wa Kiiraqw kwenye miinuko ya udongo mwekundu, nyumba za vibarua katika mashamba ya kahawa upande wa Oldeani, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, maboma ya Wamaasai, na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi ambao vibanda vyao vya nyasi hujengwa na kuachwa kufuatana na mawindo na majira.

Makazi bora hupimwaje?

Usianze na neno "zuri". Nyumba nzuri kwa mtu mmoja ni nyumba ya kawaida kwa mwingine, na neno hilo haliwezi kuhesabiwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi hutazama mambo matano: je, nyumba imejengwa kwa namna inayodumu na mahali pasipo hatari, je, ina nafasi ya kutosha, je, wakazi wanapata maji safi, je, wanapata choo kinachofaa, na je, wana uhakika wa kuendelea kukaa hapo bila kufukuzwa. Kwa nafasi, kipimo chake ni kwamba watu wanaolala chumba kimoja wasizidi watatu.

Kariri mambo hayo matano, lakini usiyaabudu. Chukua kibanda cha Mhadzabe. Kwa kipimo cha "kudumu" kinapata sifuri, ingawa mwenyewe hakukijenga kidumu. Hapo takwimu itakuambia kwamba kaya fulani inaishi katika nyumba duni, wakati shida halisi ya kaya hiyo inaweza kuwa ni kupungua kwa ardhi ya kuwindia na vyanzo vya maji. Upande mwingine, nyumba ya tofali za kuchoma na bati jipya iliyo hatua chache kutoka kwenye ukingo wa korongo inapata alama nzuri kwa ukuta na paa, na mvua za masika zikija inaweza kuondoka. Kipimo kizuri huchaguliwa kwa kuitazama nchi yenyewe.

Takwimu ambazo tayari zipo

Kabla ya kukusanya chochote, tafuta kilichokwisha kukusanywa. Hizi huitwa data za upili. Kubwa kuliko zote ni Sensa ya Watu na Makazi. Ya mwisho ilifanyika kwa kumbukizi ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kwenda pamoja na sensa ya majengo na taarifa za anwani za makazi. Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923 mwaka 2012 na watu 61,741,120 mwaka 2022. Mkoa wa Arusha ulitoka watu 1,694,310 hadi 2,356,255 katika kipindi hicho hicho.

Fanya hesabu hii sasa hivi bila kusoma mbele. Ongezeko la Arusha ni 2,356,255 kutoa 1,694,310, yaani watu 661,945. Gawanya kwa idadi ya mwanzo, zidisha kwa 100, unapata asilimia 39.1. Kwa nchi nzima ukifanya vivyo hivyo unapata asilimia 37.4. Arusha basi imekua kwa kasi kidogo kuliko nchi. Kosa linalojirudia hapa ni kugawanya kwa idadi ya mwisho badala ya idadi ya mwanzo. Ukifanya hivyo Arusha itakupa asilimia 28.1, jibu ambalo linaonekana la heshima kabisa na halina ukweli.

Ukubwa wa wastani wa kaya nchini mwaka 2022 ulikuwa watu 4.3. Kwa wilaya zetu, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 230,166 Karatu na 174,278 Ngorongoro.

Je, namba hizi zinamsaidia nini mama anayeishi kando ya korongo? Kidogo sana. Sensa inaiambia Serikali wapi pajengwe shule na zahanati. Haisemi kalavati gani linamwaga maji kwenye uchochoro wa nani. Kwa hilo lazima mtu atembee kwa miguu. Hapo ndipo penye kazi ya data za awali, yaani zile unazokusanya mwenyewe.

Kukusanya takwimu katika kitongoji

Tuseme wakazi wa kitongoji kimoja cha Karatu wana kaya 120, na wamewaomba wanafunzi wa kidato cha nne wawasaidie kujua hali ya makazi yao. Hatua ya kwanza haiko kwenye hojaji. Iko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Bila yeye kujua, kijana mwenye daftari anayehesabu vyumba vya watu atadhaniwa ametumwa na watu wa kodi, au na mtu anayetaka kununua eneo. Katika wilaya ambako kila mwaka wageni hutafuta ardhi ya kujenga hoteli na kambi za watalii, hofu hiyo si ya kijinga. Mwenyekiti pia ana rejesta ya wakazi, na siku hizi nyumba nyingi zina vibao vya anwani za makazi, hivyo orodha ya kuanzia ipo.

Huwezi kuzifikia kaya zote 120, kwa hiyo unachukua sampuli. Ukichagua kila nyumba ya tatu kwenye orodha utapata kaya 40. Hiyo ni sampuli ya mpangilio. Unaanza na namba iliyopatikana kwa bahati nasibu kati ya 1 na 3, kisha unaruka tatu tatu mpaka mwisho. Usiende kwenye nyumba zilizo karibu na barabara kwa sababu tu ni rahisi kufika. Mjini Karatu nyumba za karibu na lami ni za maduka na za kupangisha. Umaskini hukaa nyuma yake.

Maswali yaulize kitu kinachoweza kuhesabiwa. "Je, nyumba yako ina nafasi ya kutosha?" ni swali bovu, kwa sababu mwenye haya atajibu ndiyo. "Jana usiku walilala watu wangapi katika chumba hiki?" ni swali zuri. Vivyo hivyo, usiulize kama moshi ni tatizo. Uliza chakula cha jana kilipikiwa wapi, kwa nishati gani, na kama pale palipopikiwa ndipo watoto wanapolala. Karatu iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti baridi yake inauma. Watu hufunga madirisha na kuweka moto ndani. Moshi huo ni suala la makazi kama vile ukuta na paa, na unawaumiza zaidi akina mama na watoto wadogo, ambao ndio wanaokaa karibu na mafiga.

Angalia pia unamuuliza nani. Katika boma la Wamaasai anayejenga nyumba ni mwanamke, kwa fito, nyasi, udongo na kinyesi cha ng'ombe. Ukimuuliza mzee wa boma kwamba paa huvuja mara ngapi, unamuuliza mtu ambaye si fundi wa nyumba hiyo. Na uulize kwa lugha ya nyumbani inapobidi. Bibi anayezungumza Kiiraqw tu atajibiwa na mjukuu wake, na utakuwa umeandika mawazo ya mjukuu.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni majira. Ukifanya uchunguzi mwezi Agosti utakuta paa zote ni kavu na makorongo hayana hatari. Ukirudi Aprili, nusu ya majibu yatabadilika. Agosti pia ni msimu wa watalii. Madereva, wapishi na wahudumu wa hoteli wamejaa mjini, vyumba vinapangwa na watu wawili au watatu, na msongamano unaouona si wa mwaka mzima. Kwa hiyo tarehe ya uchunguzi iandikwe kila mara juu ya jedwali. Mtahiniwa anayeandika sentensi moja tu kuhusu majira katika jibu lake huonyesha kwamba ameelewa, hakukariri.

Kukokotoa, na kile ambacho wastani huficha

Namba zifuatazo ni za zoezi tu. Hazitoki katika kitongoji chochote kilichopo.

Kaya 40 zilizotembelewa zina jumla ya watu 188 na vyumba vya kulala 72. Ukubwa wa wastani wa kaya ni 188 gawanya kwa 40, sawa na watu 4.7. Wastani wa watu kwa chumba ni 188 gawanya kwa 72, sawa na 2.6. Kwa kuwa 2.6 ni chini ya 3, mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Hakuna msongamano katika kitongoji hiki." Atakuwa amekosea vibaya.

Tenganisha wapangaji na wenye nyumba. Kaya 11 za wapangaji zina watu 49, kila kaya katika chumba kimoja, yaani vyumba 11. Kaya 29 zilizobaki zina watu 139 na vyumba 61. Sasa gawanya tena. Wapangaji: 49 kwa 11 ni watu 4.5 kwa chumba. Wenye nyumba: 139 kwa 61 ni watu 2.3 kwa chumba. Msongamano upo, tena mkubwa, lakini umejificha ndani ya wastani kwa sababu wenye nyumba ni wengi na vyumba vyao viko vingi. Ukipeleka kwenye mkutano ile namba ya 2.6, wapangaji wataondoka bila kusikika. Ukipeleka 4.5, kuna jambo la kujadili.

Kwa hiyo, kila unapopata wastani, jiulize: ni makundi gani yamechanganywa humu? Kupanga na kumiliki, mjini na kijijini, kaya zinazoongozwa na wanawake na zile zinazoongozwa na wanaume, walio kando ya korongo na walio mbali nalo.

Tuendelee. Katika kaya hizo 40, kaya 31 hupikia kuni ndani ya nyumba ya kulala. Hiyo ni asilimia 77.5. Ukitaka kukadiria kwa kitongoji kizima, zidisha asilimia 77.5 kwa 120 upate kaya 93. Andika "takriban kaya 93", kwa sababu sampuli ni sampuli.

Mchoro upi utumie? Kwa kulinganisha wapangaji na wenye nyumba, grafu ya pau inatosha. Kwa kuonyesha sehemu za kitu kimoja, kama aina za kuta, chora chati duara. Lakini kwa makazi, kitu chenye nguvu kuliko vyote ni ramani ya mchoro: barabara, korongo, makalavati, bomba la maji, vyoo, na nukta kwa kila nyumba iliyopata nyufa au kuingiwa na maji msimu uliopita. Nukta zikijipanga chini ya kalavati moja, huhitaji maneno mengi. Hata mjumbe asiyejua kusoma ataona maji yanatoka wapi.

Kaya ni nini? Swali dogo lenye uzito mkubwa

Sasa twende Ngorongoro, ambako maana ya neno moja inaweza kuamua nani anapata nyumba.

Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kama eneo la matumizi mseto: wanyamapori, mifugo na watu pamoja. Iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Idadi ya wakazi inayotajwa mara nyingi kwa mwaka 1959 ni watu 8,000, na katika miaka ya karibuni inatajwa idadi inayozidi 100,000. Serikali imezitumia namba hizi kueleza kwamba hifadhi imeelemewa. Viongozi wa wafugaji na baadhi ya watafiti wameuliza jinsi zilivyohesabiwa, na wamesema kwamba shughuli za utalii nazo ziwekwe kwenye mizani. Wewe kama mtahiniwa hutakiwi kuchagua upande. Unatakiwa kutambua kwamba namba ile ile inaweza kubeba hoja mbili.

Ndani ya hifadhi, mkazi haruhusiwi kujenga atakavyo. Ujenzi unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, hivyo nyumba za kudumu ni chache. Mtu akiona jedwali la aina za nyumba katika Tarafa ya Ngorongoro na kusema kwamba watu wa pale hawapendi nyumba za kudumu, amesoma namba na kuacha sheria iliyozizaa.

Mwezi Juni 2022 Serikali ilianza kuwahamisha wakazi walioelezwa kuwa wamejiandikisha kwa hiari kwenda Msomera, Wilaya ya Handeni, Mkoa wa Tanga. Kila kaya ilipangiwa nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja cha ekari 2.5, pamoja na shamba la ekari 5. Tazama neno "kaya" hapo. Mzee mwenye wake watatu, ambao kila mmoja ana nyumba yake na watoto wake ndani ya boma moja: je, ni kaya moja au tatu? Kwa mtu wa sensa, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa utaratibu wa boma, kila mke ana nyumba yake, jiko lake na ng'ombe wa kukamua. Ukihesabu boma kama kaya moja, wanawake watatu wanaingia vyumba vitatu pamoja na watoto wao wote. Ukihesabu kaya tatu, zinahitajika nyumba tatu. Kwa maoni yangu, hakuna mfano bora zaidi nchini wa kuonyesha kwa nini fasili ya neno iandikwe mwanzoni mwa hojaji kabla ya kuhesabu mtu yeyote.

Zoezi hilo la kuhama limekuwa na mvutano. Agosti 2024 wakazi wengi wa Ngorongoro walijitokeza barabarani ndani ya hifadhi wakipinga, pamoja na mambo mengine, vijiji vyao kufutwa na vituo vyao vya kujiandikisha kupiga kura kuhamishwa. Disemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wao jijini Arusha na kutangaza kuunda tume mbili, moja kuhusu malalamiko ya ardhi na nyingine kuhusu zoezi la kuhama. Ukikumbuka yale mambo matano ya makazi, hili ni la tano: uhakika wa kukaa. Kuta na paa zinaweza kupigwa picha. Uhakika wa kukaa hauonekani, na ndio unaoamua kama mtu atathubutu kutengeneza ukuta na paa.

Waliofanya kabla yako

Mtaa wa Kibera, Nairobi, ulisemwa kwa miaka mingi kuwa na watu milioni moja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ikahesabu takriban watu 170,000. Mwaka huo huo vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao kwa vifaa vya GPS, kwa sababu kwenye ramani nyingi eneo hilo lilionekana tupu. Waliweka mabomba ya maji, vyoo, zahanati na shule.

Dar es Salaam, mwaka 2011, wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha Ardhi walifanya kazi kama hiyo. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliieneza katika kata nyingi zaidi za jiji, safari hii shabaha ikiwa mafuriko: mifereji iko wapi, imeziba wapi, na maji yalifika kimo gani. Kimo cha maji hakikupimwa kwa mitambo peke yake. Wazee wa mtaa walionyesha alama ukutani. Hiyo ni data, tena nzuri.

Mfano wa tatu ni wa Kurasini. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa wakazi, wapangaji wengi hawakuwa na fidia ya kutegemea. Wanachama wa Shirikisho la Maskini Mijini, wakisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, walikuwa wamezoea kujihesabu kaya kwa kaya na kuweka akiba. Walinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga. Hapo kuna tofauti moja ya kukumbuka mtihanini: mpangaji asiyeorodheshwa popote hana pa kuanzia anapodai.

Kutoka daftari hadi mkutano

Takwimu zikibaki kwenye daftari la mwanafunzi hazijamsaidia mtu. Zirudi kwa waliozitoa. Katika kijiji, chombo cha juu cha maamuzi ni mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote wa miaka 18 na zaidi, unaotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe kati ya 15 na 25. Katika mji mdogo kama Karatu, anzia kwenye mkutano wa kitongoji, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya.

Ukifika hapo, pangilia matokeo kwa kuuliza nani anaweza kufanya nini. Moshi wakazi wanaumudu wenyewe: banda la jiko pembeni ya nyumba, dirisha, jiko lenye bomba la kutolea moshi. Mfereji wa uchochoroni nao unawezekana kwa msaragambo. Kalavati linalomwaga maji ya barabara kuelekea nyumba za watu si la wakazi. Hilo lipelekwe halmashauri au kwa wakala wa barabara husika, likiambatana na ramani na tarehe. Msongamano wa wapangaji ni mgumu zaidi, kwa sababu wenye nyumba wamo mkutanini. Uhakika wa ardhi unakwenda kwenye sheria: hatimiliki ya kimila kwa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na upimaji au urasimishaji kwa maeneo ya mji.

Sheria mbili nyingine zitaje ukipata nafasi. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 ikaweka adhabu kwa anayetangaza takwimu zinazopotosha au kupinga takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na adhabu hiyo ikaondolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa kazi yako ina maana rahisi: usiandike jina la mtu pasipo na haja, na mkutanini usibandike ukutani jedwali linaloonyesha kwamba nyumba ya fulani haina choo. Namba ya nyumba ibaki kwako. Asilimia ndiyo ya watu wote.

Swali lililofanyiwa kazi

"Wakazi wa kitongoji kimoja wamegundua kuwa wastani wa watu kwa chumba ni 2.6. Mwenyekiti anasema hakuna tatizo la msongamano. Jadili kauli yake."

Jibu la wastani husema: "Mwenyekiti yuko sahihi kwa sababu 2.6 ni chini ya 3." Linapata alama ya kujua kipimo, basi. Jibu bora huenda hivi: "Kauli ya mwenyekiti ni sahihi kwa kitongoji kizima, lakini wastani huweza kuficha tofauti kati ya makundi. Ikiwa wapangaji wanaishi chumba kimoja kwa kaya, huenda wao wamezidi watatu kwa chumba wakati wenye nyumba wako chini ya hapo. Ni vema takwimu zitenganishwe kwa wapangaji na wenye nyumba, na itajwe ni mwezi gani zilikusanywa, kwa kuwa idadi ya wapangaji hubadilika kwa msimu." Jibu hilo ni fupi. Halina maana ya utafiti kutoka kwenye kamusi, wala halihitaji.

Mazoezi

1. Kaya 60 zina watu 282 na vyumba vya kulala 94. Kokotoa ukubwa wa wastani wa kaya na wastani wa watu kwa chumba. Taja makundi mawili ambayo ungetaka kuyatenganisha kabla ya kutoa hitimisho, ukieleza sababu.

2. Andika maswali manne ya hojaji kuhusu moshi na mapishi ambayo hayatumii maneno "nzuri", "mbaya" wala "kutosha".

3. Unapanga kuchunguza nyumba zilizo kando ya korongo katika kijiji kimoja cha Karatu. Chagua mwezi wa kufanya kazi hiyo na utetee uchaguzi wako kwa hoja tatu.

4. Toa fasili ya "kaya" ambayo ungeitumia katika boma lenye wake watatu, kisha eleza nani anafaidika na nani anapoteza kwa fasili hiyo.

5. Chora ramani ya mchoro ya eneo unaloishi ikionyesha maji, vyoo, njia za maji ya mvua na nyumba zilizowahi kuathirika. Weka ufunguo, mwelekeo wa kaskazini na tarehe.